Karanga Haitaki Urea Yako

Juzi msomaji wa Urambo kaniandikia: "Kaka, karanga zangu za kijani hadi raha. Niongeze urea mfuko 1 au 2?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, nikajibiwa vibaya.

Ilikuwa Kongwa, ekari 2. Ndiyo, Kongwa ile ile ambako Waingereza walikuja mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, na kufika 1951 wakafungasha virago. (Urambo nako walifika, ndugu yangu.) Mimi nikajiona mjanja kuliko wao. Muuzaji wa pembejeo akaniambia karanga ni kama mahindi tu, ipe urea. Nikamwaga mifuko 2. Mungu wangu, majani! Nilipiga picha, nikarusha kwenye magrupu, hongera zikamiminika. Nikaanza kupiga hesabu za bati.

Siku ya kung'oa nikashika shina la kwanza, nikakung'uta udongo. Maganda yapo. Nikabonyeza moja: pwaa! Hewa. La pili, hewa. La tatu lilikuwa na punje moja, imesinyaa kama mbegu ya pilipili. Shemeji yangu aliyekuja kunisaidia akasema, "Shem, mwaka huu umelima mapambo." Alitania, najua. Lakini mpaka leo inauma.

Bwana shamba mmoja mstaafu ndiye aliyenifungua macho. Urea ni mbolea ya naitrojeni, na karanga inajitafutia naitrojeni yenyewe kupitia vinundu vya mizizini. Ng'oa mche mmoja ukiwa na wiki 5 au 6, pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu kama nyama mbichi, kazi inaendelea. Urea ukiimwaga, vinundu vinazembea kama kijana anayepikiwa na mama kila siku, na mmea unakimbilia majani.

Ganda tupu mara nyingi ni njaa ya kalsiamu. Hapa ndipo nilipobaki mdomo wazi: ganda halisubiri kalsiamu iletwe na mizizi, linaifyonza lenyewe kutoka kwenye udongo unaoligusa, sentimita chache tu za juu. Kwa hiyo kalsiamu ukiifukia chini sana umepoteza. Siku hizi maua yakianza, mwezi mmoja hivi baada ya kupanda, nanyunyiza jasi, madini yenye kalsiamu, juu ya mistari, mifuko 3 ya kilo 50 kwa ekari, udongo ukiwa na unyevu. Jasi tunayo hapa hapa, Itigi na Msagali, ile ile inayopelekwa viwanda vya saruji. Fosforasi naiweka mapema, wakati wa kupanda. Mbolea ya TSP au ya Minjingu. Basi.

Vijana, acheni kulima kwa ajili ya picha. Mnapenda kijani kwa sababu kijani kinapendwa mtandaoni, na soko halinunui majani. Urea acha. Narudia, acha. Chimba, tazama mizizi, bonyeza ganda kabla hujajisifu.

Msimu uliopita ekari zile zile zilitoa gunia 19 za karanga zenye maganda. Shemeji alikuja kuomba mbegu. Nilimpimia debe moja, na alilipa.

Msomaji wa Urambo nilimjibu haya yote. Akarudisha: "Lakini kaka, nimeshanunua."

Una mahindi? Peleka huko.