Ndugu yangu wa Magu, matone ni sifuri

Juzi msomaji mmoja wa Magu kaniandikia: jino linamuua, bibi yake kamwambia achovye pamba kwenye utomvu wa mnyaa aizibie tundu. Anauliza aanze na matone mangapi. Kama atie au asitie, hilo hakuuliza!

Sisi wa huku tumekulia ndani ya minyaa. Ndiyo uzio wa nyumba, ndiyo boma la ng'ombe. Mifugo haiigusi na ukame hauiui. Wazee walipaka utomvu wake kwenye chunjua mpaka ikaungua ikadondoka. Wengine waliponda matawi wakayatia mtoni samaki walewe, na uvuvi huo wa sumu Sheria ya Uvuvi ya 2003 imeupiga marufuku. Ndicho hicho unachotaka kukitia mdomoni.

Kiangazi kilichopita tulikuwa nyumbani Kisesa, tunapunguza uzio. Mjomba akapiga panga kwa mbwembwe, ule weupe ukaruka, tone likamwingia jicho la kulia. Akacheka. Muda si mrefu yuko chini anagaagaa, kope zimeumuka kama andazi. Akaitwa jirani mwenye mtoto mchanga aje akamulie maziwa jichoni. Mimi nikasema maji! Nikamlaza ubavu, nikamfungua kope kwa vidole, nikamimina kikombe baada ya kikombe. Ndoo ikaisha, nikafuata nyingine. Dada zangu wananifokea eti namtesa mtu mzima. Nikamimina tu, robo saa na zaidi, ndipo tukampakia bodaboda hadi kituo cha afya. Huko wakamwosha tena, wakampa dawa ya matone. Mwanzoni alikuwa anaona ukungu, baadaye jicho likarudi.

Leo hii kila msibani anasimulia kwamba maziwa ya jirani ndiyo yaliyomponya. Sawa, Mjomba. Sidai asante, ingawa zile ndoo nilizibeba mwenyewe toka bombani.

Jamani, acheni ujuaji wa nusunusu. Bibi yangu mimi alipaka chunjua kwa ncha ya kijiti, mkono kaufunga kitambaa, na watoto kawafukuza uani. Ninyi mnachuma kama mchicha.

Tena kuna hili. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Uganda, alieleza saratani ya taya inayowapata watoto wa ukanda wetu. Wahusika wakuu ni kirusi cha Epstein-Barr na malaria, lakini maabara zimeonyesha kwamba utomvu wa mnyaa unaweza kukiamsha kirusi hicho kilicholala, ndiyo maana nao unashukiwa. Mtoto akivunja vijiti vya uzio kuchezea, mnyang'anye na umwoshe mikono kwa sabuni.

Na wewe wa Magu, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kesho asubuhi panda gari uje mjini kwa daktari wa meno. Kama umeshatia, suuza mdomo, tema, usimeze, na hospitali uende leo leo.