Ulalo wa mstatili si mstari wa ulinganifu

Dada, umeuliza kwa nini mwanao amekosa aliposema ulalo wa mstatili, yaani mstari unaounganisha kona mbili zinazotazamana, ni mstari wa ulinganifu, ilhali unaugawa katika pembetatu mbili zilizo sawa kabisa. Hoja yake ina akili, usimvunje moyo. Ila sharti la mstari wa ulinganifu ni kwamba ukikunja umbo kwenye mstari huo, nusu moja iilalie nyingine bila kuzidi popote.

Mpe karatasi ya sentimita 8 kwa 6, aikunje kwenye ulalo. Kona mbili zitachomoza nje. Sababu ni kwamba ulalo huigawa ile pembe ya nyuzi 90 kuwa takribani 37 na 53, na pembe zisizo sawa haziwezi kulaliana. Pembetatu zile hupatana ukizungusha moja nyuzi 180, si kwa kukunja. Kwenye mraba ulalo hugawa 45 kwa 45, ndiyo maana mraba una mistari 4 na mstatili 2 tu.

Kisha mpe msambamba wa kawaida, yaani umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ni sambamba, ule ulioinama. Watoto wengi hutaja mistari 2, kumbe hauna hata mmoja. Mwache akunje mwenyewe, usimwambie jibu mapema.