Muulize DJ: Kila mgeni ana wimbo wake, nimfuate nani?

Maswali ya mwezi huu mengi yametoka huku kwetu magharibi, Kigoma na Tabora, na karibu yote ni ya sherehe. Nimechukua manne niyajibu vizuri, mengine yatasubiri toleo lijalo.

*Shikamoo kaka. Mi ni DJ niko Gungu hapa Kigoma mjini, napiga harusi, sendofu, kipaimara, chochote kinachokuja. Kazi naipenda sana ila wageni wananichosha jamani. Harusi ya mwisho niliyopiga shangazi mtu anataka rhumba, vijana wanataka singeli, wengine amapiano, afu mama mmoja akaja na simu yake kabisa wimbo uko yutubu anasema chomeka hii sasa hivi. Ukikataa wananuna, wanaenda kukushtaki kwa mwenyekiti wa kamati. Sasa nimfuate nani? – DJ wa Gungu*

Marahaba mdogo wangu. Wa kumfuata ni mwenye sherehe, na unamfuata kabla ya siku yenyewe, sio ukumbini watu wameshajaa. Wiki moja kabla watafute maharusi, kaa nao hata nusu saa, uliza wimbo wa kuingilia, wa keki, wa shampeni, wa zawadi, wa wazazi, afu uliza na kitu ambacho madj wengi hawakiulizi: nyimbo gani hamtaki kabisa kuzisikia siku hiyo. Hapo utashangaa. Kuna walokole hawataki wimbo wowote unaotaja pombe, kuna bi harusi ana wimbo unamkumbusha mtu wa zamani, kuna familia imetoka msibani juzi tu na kuna wimbo marehemu alikuwa anaupenda. Ukiyajua haya mapema umeshajiepusha na lawama nyingi sana, na mwenyekiti akija juu unamwonyesha karatasi waliyoandika maharusi wenyewe.

Sasa huyo shangazi. Naomba usimwone kero maana watu kama yeye ndo sherehe yenyewe. Amechanga, amepanda basi kutoka Kasulu huko, ameshona sare ya kitenge, toka saa kumi na mbili amekaa kwenye kiti cha plastiki anasikiliza hotuba, viatu ameshavivua amevishika mkononi, anasubiri wimbo wake mmoja. Mpe. Sherehe ina saa zake, watu wakiwa wanakula hakuna anayetaka kurukaruka, hapo ndo pa kuweka zilipendwa, na watu wa huku kwa zilipendwa hatuna njaa. Tabora peke yake ilitoa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na Kigoma kulikuwa na Lake Tanganyika Jazz, ndo bendi aliyopiga mwanamuziki Shem Karenga kabla hajahamia Tabora Jazz. Mzee wa miaka sabini akisikia magitaa yale anaacha kula. Nimeona wazee walioingia ukumbini wameshikwa mkono wanainuka wenyewe, wanaenda kati, wanamtafuta mke wao kwa macho, na kwa kweli mimi kwenye kazi hii sijapata raha inayofikia hiyo.

Rhumba nayo usiichezee. Ng'ambo ya ziwa hapo ni Kongo, watu wa Kigoma wameukulia ule muziki. Unaanza taratibu watu wanashikana, afu mbele unachemka kwenye sebene, kile kipande cha magitaa ya kasi cha kuchezea, na siku hizi madj wanaukata kabla sebene haijafika eti wimbo mrefu. Huko ni kumwonjesha mtu mchuzi ukaondoka na sahani. Uache ufike, sebene ndo inayowatoa vijana kwenye viti wachanganyike na mashangazi, na ukishakuwa na ukumbi mzima umesimama hapo ndo uingie kwenye mambo ya vijana. Amapiano inatembea biti 110 hadi 115 hivi kwa dakika, singeli inakimbia kuanzia 200 na kupanda. Wengi wanaona haviungani, ila chukua singeli ya biti 224 uihesabu nusu, ni 112, hiyo inakaa juu ya amapiano ya 112 bila kuvuta wala kusukuma. Fanyia mazoezi nyumbani kwanza, usijaribie kwenye harusi ya watu.

Simu ya mgeni usichomeke, na umweleze kwa heshima kwa nini. Ikiingia tangazo ukumbi mzima unasikia tangazo, akipigiwa unasikia mlio wake, na sauti ya yutubu kwenye bando linalosuasua ukiipeleka kwenye spika kubwa inatoka imechujuka. Kuwa na kidaftari mezani. Mwambie mama nimeuandika, zamu yake ikifika ntakupungia mkono, na kweli umpungie. Wageni wanachokasirikia zaidi ni kudanganywa, kuambiwa unakuja unakuja mpaka watu wanakunja viti. Kama wimbo huna, au maharusi wameukataa, sema hapo hapo.

Na ukiwa unapiga usizame kwenye kompyuta, angalia miguu ya watu. Kool Herc, kijana mzaliwa wa Jamaica, tarehe 11 Agosti 1973 alikuwa anapiga muziki kule Bronx, New York, kwenye pati ya dada yake mdogo aliyekuwa anatafuta hela ya nguo za shule. Alikuwa anawatazama wachezaji akaona wanasubiri kile kipande cha ngoma tupu ndo waruke, basi akatumia nakala mbili za santuri moja ili kipande kile akirefushe. Wengi wanaihesabu pati ile kuwa mwanzo wa hip hop, na ilikuwa shughuli ya familia tu kama hizi zetu, ila DJ alikuwa anaangalia watu.

*Habari za kazi. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya harusi hapa Tabora mjini. DJ tuliyempata anataka nusu ya hela kabla, anataka tumhakikishie jenereta, na anataka chakula cha watu watatu! Wajumbe wanasema huyu anatunyonya, nyimbo si ziko kwenye flashi tu? – Mweka Hazina, Tabora*

Nzuri dada, na pole na hiyo kazi ya kufuatilia michango, naijua shida yake. Ila hapa niko upande wa DJ. Nyimbo ziko kwenye flashi ni kweli, lakini spika hazijitembezi. Kuna gari ya kubeba, kuna vijana wawili wa kupandisha na kushusha, kuna waya na amplifaya, kuna kufika ukumbini mchana kufunga na kutoka usiku wa manane mkiwa nyie mmeshalala. Nusu kabla ni kitu cha kawaida maana siku yenu akishaiandika anawakataa wengine, na mkighairi dakika za mwisho hana pa kwenda. Mshonaji mmempa advansi, mpishi mmempa, mpeni na huyu.

Chakula kinaniuma zaidi, nisamehe nikisema kwa nguvu. Mtu anasimama kuanzia saa kumi jioni, wageni mia tatu wanapita na sahani mbele yake, na yeye hawezi kuacha mashine, afu mwisho anaambiwa pilau limeisha chukua soda. Nimeliona sana hili, na linavunja moyo kuliko hata kupunjwa. Wawekeeni sahani tatu pembeni zifunikwe, basi.

Kuhusu jenereta yuko sahihi kabisa. Umeme ukikatika kompyuta inavumilia ina betri, amplifaya haina, ukumbi unakuwa kimya bi harusi yuko katikati ya mlango. Na jenereta ndogo msiibebeshe kila kitu, friji ya vinywaji ikiwaka umeme unashuka muziki unakoroma, muziki uwe na laini yake. Haya yote yaandikeni kwenye karatasi moja pande zote mbili zisaini, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, spika ngapi, jenereta na mafuta ni ya nani, hela iliyobaki inalipwa lini na nani. Hapo kwenye hela iliyobaki msimwachie mtu ambaye siku ile atakuwa anacheza, mana saa saba usiku DJ anazunguka ukumbi anamtafuta mweka hazina na simu imezimwa. Na kama DJ ni ndugu yenu bei ya undugu aitaje yeye mwenyewe, msimtajie.

*Asalaam aleykum. Mimi ni mama mkazi wa Ujiji. Sherehe za siku hizi muziki unapasua masikio, ukikaa mbele huwezi kuongea na mwenzio, ukikaa nyuma unasikia mdundo tu maneno huyasikii. Na adhana ikiadhiniwa wengine wanapunguza kidogo tu wanaendelea. Hawa vijana wanafundishwa kweli? – Mama wa Ujiji*

Waaleykum salaam, shikamoo mama. Umesema kweli, na hilo la mbele na nyuma lina sababu yake. Kwenye uwanja wazi ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye spika sauti inashuka kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), lakini DJ akiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili anapata desibeli 3 tu. Kwa hiyo anayejaribu kuwafikia wa nyuma kwa kufungua sauti anawaumiza wa mbele bure. Dawa ni kupandisha spika kwenye stendi zipite vichwa vya watu, maana miili inameza ile sauti nyembamba inayobeba maneno, na kuweka spika mbili ndogo katikati ya uwanja kuelekea nyuma. Taa nyekundu kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, zikiwaka muda wote sauti inapasuka na twita, vile vispika vya sauti nyembamba, zinaungua, haiongezeki utamu hata kidogo.

Masikio hayana spea. Kipimo wanachotumia wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, ukifika 100 ni robo saa tu. Mbele ya sabufa ya harusi 100 inafika bila shida. Watoto wasiachwe kulala pale kwenye mkeka mbele ya spika kama ninavyoona, na nyie madj mnaosoma hapa tafuteni vizibo vya masikio, mnapiga kila wikiendi.

Adhana haina mjadala, muziki unazimwa, sio kupunguzwa. DJ mwenye akili anaipanga kwenye ratiba. Huku kwetu jua linachelewa kuzama kuliko Dar kwa karibu dakika 40, Magharibi inaingia kwenye saa moja usiku hivi, kwa hiyo anayekuja na ratiba ya Dar kwenye simu atakosea. Aulize msikiti wa jirani, na muda huo apange watu kunawa au kusali, hakuna atakayeona sherehe imekatika. Na jirani mwenye mgonjwa apewe taarifa toka mchana, kibali cha mtendaji hakitoshi.

*Kaka mambo. Mi ni binti wa Kasulu, natamani sana kuwa DJ ila baba anasema ni kazi ya wahuni. Nianzie wapi? – Binti wa Kasulu*

Poa mdogo wangu. Anzia kicheni pati. Ni shughuli za wanawake watupu na mara nyingi mwanaume pekee mle ndani ni DJ, akina mama wanashindwa kujiachia na hata somo anashindwa kusema yake, kwa hiyo DJ wa kike wanamtafuta na hawampati. Spika usinunue, kodisha. Tafuta kompyuta inayofanya kazi na hedifoni nzuri, jifunze kuunganisha nyimbo mbili mpaka mtu asijue ya kwanza imeisha wapi, afu muombe DJ wa hapo Kasulu umsaidie kufunga waya. Baba usibishane naye, muombe mama akuchukue kwenye kicheni pati ya kwanza akae mpaka mwisho, atakachomwambia baba wakirudi nyumbani kitakusaidia kuliko maneno yako.