Ukienda Ghana, tazama kalenda kabla ya ramani

Wanaoniuliza kuhusu Ghana karibu wote huanza na umbali. Accra hadi Kumasi ni kilomita ngapi? Cape Coast ni saa ngapi kwa basi? Hifadhi ya Mole kule kaskazini inafikika? Mimi huwauliza kwanza wanafika siku gani. Njia utazizoea haraka. Kinachomkwamisha mgeni ni siku ya juma na mwezi, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoamua bei ya chumba, nafasi kwenye basi na hata samaki wa kwenye sahani.

Anza na Kumasi, maana ndiko wageni wanakopata taabu zaidi. Waasante huzika na kufanya matanga makubwa mwishoni mwa juma, hasa Jumamosi. Maiti huweza kukaa mochwari majuma kadhaa, hata miezi, ndugu wa London na New York wakisubiriwa. Siku ikifika, turubai linafungwa, viti vinapangwa hadi barabarani, na watu wanajaa wakiwa wamevaa nyeusi na nyekundu. Hao wote wanahitaji pa kulala. Ukishuka kituo cha Kejetia Ijumaa jioni huna chumba, teksi itakuzungusha gesti hadi gesti na nauli inapanda. Mimi huingia Kumasi Jumapili jioni, wageni wa msiba wakiwa wanaondoka. Hapo mwenye gesti anakufungulia vyumba uchague, na bei inashuka bila mvutano.

Jumapili moja tu ndiyo tofauti: ile ya Akwasidae. Huja kila baada ya majuma sita, na Asantehene, mfalme wa Waasante, huketi hadharani katika kasri la Manhyia, chini ya miavuli mikubwa, dhahabu mikononi na ngoma zikilia. Ulizia tarehe yake mapema, kisha panga safari nzima kuizunguka siku hiyo. Inastahili.

Pwani ina Jumanne yake. Wavuvi wa Kifante hawaendi baharini siku hiyo, ni mwiko wa tangu zamani. Kwa macho ni siku bora kabisa ya kuwa Elmina: mashua zimebanana bandarini, zimechorwa maneno ya dini na bendera ubavuni, na wanaume wameketi wakishona nyavu kwa vidole vya miguu na vya mikono. Ila usitarajie samaki wa asubuhi hiyo. Kula banku, ule ugali wa mahindi na muhogo uliochachushwa, kwa sato wa kuchoma wa Ziwa Volta na shito ya pilipili pembeni.

Kuhusu ngome, nakusihi usizitembelee mbili kwa siku moja. Ya Elmina ilianzwa na Wareno mwaka 1482, Waholanzi wakaitwaa mwaka 1637. Ya Cape Coast ilikuwa makao makuu ya Waingereza, na kanisa lao lilijengwa juu kabisa ya handaki walimofungiwa watumwa wanaume. Unashuka ngazi, joto linakupiga usoni, mwanga unaingia kwa kitundu kimoja kilicho juu sana, na mwenye kuongoza anakuomba usimame kimya kidogo. Anayetoka pwani yetu, aliyekwisha kuona Bagamoyo na Mkunazini, atajua uzito huo. Nenda asubuhi, halafu mchana wote uache wazi. Kwenda moja kwa moja kula na kupiga picha ufukweni hakutakuja kirahisi, na wala hakupaswi kuja kirahisi.

Hifadhi ya msitu ya Kakum, kaskazini ya Cape Coast, ina madaraja ya kamba yanayopita juu ya miti, kama mita 350 kwa urefu. Jumamosi na siku za likizo mabasi ya shule hujaa, nanyi mnasukumana darajani. Nenda katikati ya juma, geti likifunguliwa tu.

Chumba chenyewe sasa. Kabla ya kulipa, fungua bomba la bafuni wewe mwenyewe, kisha uliza mambo mawili: kuna tangi la maji, na jenereta ikiwaka inafika vyumbani au inaishia mapokezi? Umeme hukatika, wenyewe huuita dumsor, na chumba cha AC bila jenereta ni tanuri usiku. Chumba cha feni chenye madirisha mawili mara nyingi kinakishinda hicho, na ni nafuu. Plagi za pini tatu tulizozoea Tanzania na Kenya zinaingia bila adapta.

Trotro, daladala zao, huondoka zikijaa. Za Cape Coast utazipata kituo cha Kaneshie, Accra. Ukipanda teksi na dereva akasema "dropping", maana yake unaikodi peke yako, kwa hiyo patana bei kabla hujakaa. Beba dola, kwa kuwa shilingi zetu hazina mteja kule, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi kwenye uwanja wa ndege, isiwe ndani ya begi la mizigo. Pesa na chakula toa kwa mkono wa kulia. Na tafadhali sana, unapovuka barabara tazama kushoto kwanza: tangu 1974 magari yao hupita upande wa kulia.

Miezi nayo. Tangu ile kampeni ya 2019 ya kuwaita watu weusi wa ughaibuni warudi, Accra ya Desemba imefurika na vyumba vinapanda bei vibaya. Anayetafuta muziki aepuke pia mwezi mmoja hivi kati ya Mei na Juni, Waga, wenyeji wa Accra, wanapopiga marufuku ngoma na kelele jijini kabla ya Homowo, sikukuu yao ya mavuno.

Mimi hupenda Januari hadi Machi. Vumbi la Harmattan, upepo mkavu wa jangwani, hukausha midomo, beba mafuta. Lakini kule Mole maji porini yamekauka, na tembo wanashuka wenyewe kwenye bwawa lililo chini ya genge, unawatazama ukiwa juu. Kutoka Tamale toka na gari la mapema, na chumba cha Mole ukiweke kabla hujaondoka Accra, kwa sababu malazi ya hifadhini ni machache na mji wenye gesti nyingi uko mbali.