Rostam kwenye shairi la Akhavan: anayekejeliwa ni nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina asainimenti ya shairi la Akhavan-Sales, mshairi wa Iran, "Akhar-e Shahnameh", yaani "Mwisho wa Shahnameh", ule utenzi mkuu wa wafalme wa Waajemi. Muhtasari niliopata mtandaoni unasema mshairi anamdhihaki Rostam, shujaa wa Waajemi. Niandike hivyo?

Jibu: Marahaba. Hapana, usiandike hivyo. Kila muhula naletewa hili na linaniuma kwelikweli, mtu akisikia kejeli anatafuta nani katukanwa, na kwa vile jina kubwa ni Rostam basi mzigo anatwishwa yeye.

Sikiliza nani anaongea mle ndani. Ni "sisi", jeshi linalojitapa linakuja kuuteka mji mkuu wa karne hii, halafu kidogo tu mapanga yana kutu, ngoma za vita kimya, sarafu zao hakuna anayezipokea kama vile ni za mfalme ambaye ukoo wake ulishafutika, wanaamka usingizini kama wale Watu wa Pangoni. Hao ndo wanaokejeliwa, na mshairi yumo humohumo. Kitabu kilitoka 1959, miaka 6 baada ya Mosaddeq, waziri mkuu wa Iran, kupinduliwa, na Akhavan mwenyewe alifungwa jela baada ya mapinduzi yale. Hapo mtu analia na nchi yake.

Hata jina la shairi ni kejeli, maana Waajemi wana msemo kwamba uzuri wa Shahnameh uko mwishoni, na aliyeisoma anajua inaishia dola ya Wasasani, ya mwisho ya Waajemi kabla ya Uislamu, ikianguka.

Tena Rostam wako wawili! Mwishoni kinubi, ambacho ndicho kilichokuwa kinaimba hayo yote, kinaambiwa kibadili wimbo, mwana wa Dastan hatoki mzima kwenye shimo la nduguye, keshakufa, simulia ya mwana wa Farrokhzad. Wa kwanza ndo yule wa hekaya, aliyechimbiwa shimo na Shaghad, ndugu wa baba mmoja. Wa pili ni jemadari wa Wasasani aliyeuawa Qadisiyya, vita ambavyo Waarabu waliwashinda Waajemi. Ukiwachanganya shairi lote limekupotea.

Hawa wauza muhtasari wanaharibu wanafunzi jamani, wanachukua tafsiri ya Kiingereza, wanakata mistari minne, wanabandika picha ya shujaa na upanga. Forugh Farrokhzad, mshairi mwanamke wa Iran, wamemfanyia hivyohivyo, shairi lake la "nchi yenye vito" wanalisambaza kama la kizalendo, wakati anajitangaza mshindi kwa sababu kapata kitambulisho chenye namba 678! Mistari hiyo waliikata.

Soma shairi zima kwa sauti, kila penye "sisi" piga mstari, halafu ndo uanze kuandika.