pH ya 8.7 si kosa lako
Ndugu, unauliza kwa nini ulipochanganya asidi ya ethanoiki na sodiamu haidroksaidi, ujazo sawa na mkolezo wa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) kila kimoja, pH, yaani kipimo cha uasidi na ubesi, ilikuwa 8.7 badala ya 7, ambayo si asidi wala besi. Hukukosea kupima. Asidi na besi zimemalizana kweli, ila zimeacha chumvi, na ioni za ethanoeti zilizomo huvuta protoni (ioni za haidrojeni) kutoka kwenye maji, hivyo ioni za haidroksaidi zinaongezeka kidogo na pH inapanda juu ya 7. Kwa asidi haidrokloriki ungepata 7 katika nyuzi 25 za Selsiasi, maana kloridi haivuti protoni hivyo.

Kiashiria, yaani kemikali ya kukuonyesha kwa rangi asidi na besi zinapomalizana, tumia fenolfthalini, inayogeuka rangi kati ya pH 8.2 na 10. Methili oranji iache kabisa: hugeuka mapema mno, asidi ikiwa bado imebaki.