Mwanangu, si dini peke yake

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini wenzako wa kazini hapo Prague, wale Wacheki, wanauzungumzia ushoga bila kupandisha sauti, ilhali wale wa Polandi wakiugusa tu wananuniana, na wote wametoka kwenye ukomunisti. Unataka nikuambie kama ni dini. Mimi nitakusimulia habari za woga.

Ile picha ya Łódź, mji wa Polandi, iliyo kabatini kwa mama yako, ambayo shangazi yako huiulizia kila Krismasi: yule mwembamba wa kushoto ndiye aliyenifundisha Kipolandi. Novemba 1985 polisi walimfuata maabara. Ilikuwa Operesheni Hiacynt, msako wa polisi dhidi ya mashoga. Kufikia 1987 walikuwa wamefungua mafaili yapatayo 11,000 ya mashoga, katika nchi ambayo sheria yake iliacha kuwaadhibu tangu 1932! Aliporudi jioni alikuta sanduku lake koridoni, na buti zake juu yake, zimefungwa pamoja kwa kamba. Aliyelitoa ni msimamizi wa bweni, mtu wa chama, kanisani hakanyagi. Kantini hakuna aliyekaa naye. Mama mmoja wa jikoni, mwenye medali ya Bikira Maria wa Częstochowa shingoni, alimjazia bakuli supu ya kabichi, kisha akafanya ishara ya msalaba. Ulikuwa msalaba wa huruma au wa kujikinga? Swali hilo halijaniacha.

Ndiyo maana nasema, na najua umechoka kunisikia: sheria haimlindi mtu ambaye majirani hawamjui. Ukimlazimisha ajifiche, kila mtu atamsimulia atakavyo.

Utaniambia, na Kanisa je? Kweli, hilo silikwepi. Polandi Kanisa ndilo lililowahifadhi wapinzani wa serikali, na tangu ziara ya Papa Yohane Paulo II mwaka 1979, kwa wengi Upolandi na Ukatoliki vikazidi kuwa kitu kimoja. Anayebishana na askofu huonekana anaisaliti nchi. Wacheki walikwisha kuligeuzia Kanisa kisogo, na adhabu ya ushoga waliifuta 1961.

Lakini hapo hapo nakwama. Estonia wanaosali ni wachache, na bado sheria ya Kisovieti ya kuwafunga mashoga ilidumu hadi 1992, ndoa za jinsia moja wakaziruhusu 2024. Kama kizuizi ni dini, miaka yote hiyo walikuwa wanangoja nini? Romania nayo ilifuta kifungu chake cha kuwaadhibu mashoga 2001, imebanwa na masharti ya kuingia Umoja wa Ulaya, na kubanwa si kukubali.

Ulimi unaniwasha nikuambie ni woga tu, nimalize. Sisemi, si leo. Kwanza waulize hao wenzako wa Polandi: nani amekulia kijijini, nani mjini, na nani kati yao ana ndugu au rafiki shoga anayekula naye meza moja. Uniandikie walivyojibu, hata kama wamenikosoa.

Mama yako anakusalimu. Anauliza kama lile koti limefika.

Baba